Mashine Niliyoipima kwa Kilo

Mimi si mtu wa kuamini upesi, na sitaanza kujisingizia wema uzeeni. Nimefundisha shule ya msingi mpaka pensheni. Mtoto akiniambia daftari lake limeliwa na mbuzi, nilimwomba anionyeshe mbuzi. Hivyo ndivyo ninavyonunua samaki sokoni, hivyo ndivyo nilivyomchagua fundi wa bati, na hivyo ndivyo nilivyochagua mashine ya kuchomelea vyuma mwaka ule mashine ya marehemu mume wangu ilipokufa. Mashine hiyo mpya nusura ivunje ndoa ya binti yangu, mtoto pekee niliye naye. Majirani zangu wa Katuba, mtaa wetu hapa Lubumbashi, wakisimulia habari hii hunionea huruma mimi. Mimi sistahili, ndiyo maana naiandika mwenyewe.

Mume wangu alikuwa mchomeleaji katika karakana za reli. Jumapili, baada ya misa, wenzake walipokuwa wanalala au wanakunywa, yeye alitoa uani mashine yake, dubwana la chuma lenye magurudumu mawili, akatengeneza viti, vitanda, mbabula za kupikia kwa makaa. Mimi nilimshikia vyuma. Ukishika vyuma miaka mingi, mwisho unajua. Siku moja alinipa kofia ya kioo cheusi na kijiti cha kuchomelea, ile bageti, akaniambia nijaribu, na tangu hapo sikuacha. Alipofariki niliendelea peke yangu, Jumamosi moja au mbili kwa mwezi, asubuhi, kwa sababu jioni umeme wa mtaa wetu unadhoofika mpaka taa zinakuwa nyekundu. Nilitengeneza vigoda na stendi za kuwekea maua. Sikuuza hata kimoja. Majirani walicheka kumwona mwalimu mstaafu, mjane, amevaa kofia ya fundi. Niliwaacha wacheke.

Halafu siku moja umeme ulikatika, na uliporudi ulirudi na hasira. Balbu mbili za sebuleni zilipasuka, na mashine ya mzee ikanguruma mara moja ikanyamaza moja kwa moja. Niliisukuma mpaka kwenye ukuta wa jikoni, nikaifunika bati, nikaanza kutafuta nyingine.

Mtu yeyote atauliza kwa nini sikumwuliza tu mkwe wangu, maana mkwe wangu ni fundi wa kuchomelea. Ana karakana yake ndogo, anatengeneza milango na mageti, na watu wanatoka mbali kumfuata. Anayeuliza hivyo hajui taratibu zetu. Sisi ni Waluba wa kaskazini ya Katanga. Yeye babu zake walikuja kwa treni kutoka Kasai, ila kwa jambo hili watu wao na watu wetu tunafanana: mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawali pamoja. Si chuki, ni heshima. Akija kwangu anakohoa getini, mimi naingia jikoni, yeye anakaa nje upande wa pili wa ukuta, na binti yangu anapitisha maneno katikati. Binti asipokuwepo, tunasema na kitu. Ataiambia ndoo, "Weye ndoo, umwambie mama bwana wa bati atakuya kesho," na mimi naijibu ndoo. Familia nyingi za mjini zimeshaacha. Sisi hatujaacha, na mimi nilikuwa nikijivunia hilo kuliko ilivyofaa.

Kuna jambo moja ambalo wazee waliotufundisha heshima hiyo hawakutuambia. Mtu usiyemwona uso, unaweza kumtengenezea uso unaoutaka mwenyewe. Miaka mitatu baada ya harusi, mimi nilikuwa najua kikohozi cha mkwe wangu, viatu vyake na sauti yake. Mengine yote nilijaza mwenyewe. Na katika mji wetu, mtu ambaye babu zake walitoka Kasai, hata kama yeye na baba yake wamezaliwa hapa hapa, hakosi kusemwa kuwa ni mgeni na mjanja wa fedha. Nilikuwa nikiwakemea wanafunzi wangu kwa maneno hayo. Nyumbani, moyoni, niliyaweka pembeni kama akiba.

Binti yangu alileta ujumbe wa mumewe. Mama anachomelea mara moja moja tu, kwa hiyo asinunue mashine kubwa. Anunue ile ndogo ya kisasa, inayoitwa inverta, ambayo haisumbuki umeme ukiwa mdogo. Na ainunue katika duka fulani tu, karibu na soko, kwa bwana fulani. Kwingine asiende.

Hayo maneno "kwingine asiende" yaliniingia kama mchanga kwenye jicho. Kwa nini pale tu? Lubumbashi ina maduka ya vyuma mtaa mzima. Sisi wote tunawajua wale wanaume wanaosimama kandokando ya barabara, makomisioneri, wanaokushika mkono kwa upole, wanakuita mama, wanakupeleka dukani kwa rafiki yao, na ukishalipa wanarudi kwa mlango wa nyuma kuchukua chao. Nikajiambia kwamba mkwe wangu amekuwa komisioneri, na bidhaa anayoiuza ni mimi.

Nilikwenda kuiona hiyo inverta, lakini si katika duka lake. Niliiinua kwa mkono mmoja. Ilikuwa nyepesi kama mkoba wa kwenda nao kanisani. Hapo ndipo nilipopata hakika kwamba ninaibiwa.

Lazima nieleze, maana asiyezaliwa na watu wa migodi hatanielewa. Baba yangu alifanya kazi kwenye tanuru za shaba maisha yake yote. Tulipokuwa wadogo alituweka mstari, macho tumefumba, akatutia mikononi vipande viwili vya chuma vyenye ukubwa sawa, tuseme kipi ni shaba. Mimi sikuwa nakosea. Kwetu kitu kizuri ni kizito. Sufuria nzito, kitasa kizito, waya mzito. Mashine ya mume wangu ilihitaji wanaume wawili kuipandisha ngazi, kwa sababu tumboni mwake ilikuwa imejaa shaba iliyozungushwa kwa mkono. Sasa mtu ananiambia nilipe fedha yangu ya pensheni kwa kisanduku ambacho ningeweza kukibeba kichwani mpaka Ruashi, ng'ambo ya mji, bila kupumzika.

Nikamwuliza binti yangu huyo bwana wa duka ni nani kwa mumewe. Akasema ni mtu anayemfahamu. Anamfahamu tangu lini? Hakujua. Wanapigiana simu? Ndiyo, wakati mwingine. Akiongea naye anabaki ndani au anatoka nje? Binti yangu alicheka kidogo, halafu akaacha kucheka, akasema kwamba kweli wakati mwingine anatoka nje. Nikanyamaza makusudi. Mwalimu anajua kunyamaza kunavyofanya kazi. Alipokuwa anaondoka nilimsindikiza mpaka getini, nikamwambia neno moja.

"Umuchunge."

Alikuja wiki iliyofuata akaniambia mumewe amechelewa kurudi siku mbili. Nikasema, unaona. Alikuja tena akasema amekuta karatasi ya lile duka mfukoni mwa suruali ya kazi. Nikasema, unaona. Sikuwa nimeona chochote. Lakini ilikuwa raha, nakiri, kukaa na binti yangu jikoni tukisema kwa sauti ndogo, kama zamani kabla hajaolewa. Nilikuwa nimemkosa mno. Hilo nalo sikulisema.

Nikaamua kununua peke yangu. Nilivaa viatu vya kutembea, nikazunguka maduka ya mjini asubuhi tatu. Makomisioneri niliwafukuza kwa mwavuli. Wauzaji walinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, wakaniuliza kama ninamnunulia mwanangu. Niliwajibu kwamba nachomelea mimi, basi wakaanza kunieleza taratibu kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Niliwaaga wote.

Katika duka la mwisho nilimkuta mwanamume mtu mzima, mwenye miwani, hakuniita mama wala hakutabasamu. Nilimwuliza habari za inverta. Alikunja uso. Alisema hizo ni takataka, ndani hazina shaba, na mafundi wengi wanawatuma wateja kuzinunua kwa sababu wanakula pamoja na wenye maduka. Niliposikia hivyo karibu nimkumbatie. Alikuwa amesema yote niliyokuwa nayasema mimi usiku na mchana. Nilikuwa nimejikinga na kila mtu aliyesifu kitu, kumbe sikuwa na kinga yoyote kwa mtu mwenye mashaka kama yangu.

Alinionyesha mashine ya mtindo wa zamani, imepakwa rangi ya kijani, ina mpini wa gurudumu juu. Sikuweza kuiinua. Nikataka ipimwe. Duka la jirani lilikuwa la unga, lina mizani ya magunia. Watu wawili waliibeba, wenye kununua unga wakasogea, na mshale ukaenda mbali mpaka mwenye unga akapiga mluzi. Sikutosheka. Nilitoa kibanio cha nywele kichwani, nikakipenyeza kwenye matundu ya ubavuni, nikakwaruza waya wa ndani mpaka rangi ya juu ikatoka. Nilichungulia kwa tochi ya simu. Chini ya rangi palikuwa pekundu, wekundu ule ninaoujua tangu utotoni. Nikalipa. Nikarudi nyumbani kwa gari la kukodi, nimekaa na mashine yangu kiti cha nyuma, mkono juu yake. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

Binti yangu alikuja kesho yake asubuhi mapema, amebeba mfuko mkubwa. Macho yalikuwa yamevimba kidogo. Alisema anakwenda Kasomeno kwa shangazi yake, dada wa baba yake, kufuata mahindi. Mimi nilikuwa na haraka ya kumwonyesha mashine. Aliitazama mara moja. Halafu akauliza swali ambalo nalisikia mpaka leo.

"Mama, ile komision, unajua kweli kama anakula?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema sijui. Ilikuwa ndiyo kweli, na haikuhitaji hata pumzi mbili.

"Najua," nikasema.

Akatikisa kichwa, akanibusu, akaenda kutafuta gari. Nilifikiri mahindi ya wakati huo hayajakauka, mtu anafuata mahindi gani? Lakini hata hapo nilimshuku mkwe wangu. Nikasema bila shaka ni yeye aliyemtuma mbali ili apate nafasi.

Jumamosi nilitoa mashine uani. Nilikuwa na kigoda kilichokatika mguu. Nikavaa kofia, nikagusisha bageti, ikagandamana na chuma kama ulimi kwenye barafu. Nikaivuta. Nikagusisha tena, ikatoa cheche, ikakohoa, ikazima. Kizimio cha umeme ndani ya nyumba kikaanguka. Nikakirudisha. Kikaanguka. Nilipofanikiwa kuchomelea kidogo, mstari ulitoka na matundu kama mkate, na nilipoketi juu ya kigoda mguu uliachia nikakaa chini. Nilijaribu tena Jumatatu, nikajaribu Jumanne. Nilisema ni umeme wa mtaa. Nilisema ni bageti zina unyevu, nikazianika juani. Jumatano kulitoka harufu ya plastiki inayoungua, na mimi bado nikasema ni umeme wa mtaa.

Jumatano hiyo hiyo, kofia ikiwa bado kichwani, nilisikia kikohozi getini. Nilizima, nikaingia jikoni, nikasimama nyuma ya mlango. Nilijua ni yeye. Sikujua alikuwa amesimama pale muda gani.

Aliingia, akaketi mahali pake upande wa pili wa ukuta. Binti hayupo. Nilimsikia anatafuta kitu cha kusema nacho, halafu bati likalia, ameligusa. Alikuwa ameichagua mashine ya mume wangu, posti kwa lugha ya mafundi.

"Weye posti ya muzee," akasema, "umwambie mama, miye nimesikia sauti ya ile posti mupya. Posti muzuri inalia sawa mafuta ya kukaanga samaki. Ile iko nakohoa. Umwambie ayifungue."

Nikaijibu mashine ya mzee kwamba mashine yangu ina shaba, nimeipima kwa kilo na nimeikwaruza kwa mkono wangu.

"Umwambie asikwaruze. Akate."

Kilichonikasirisha ni utulivu wake. Nilitoka kwa mlango wa upande mwingine, nikarudi kwenye mashine na bisibisi na msumeno mdogo wa chuma, yeye akabaki nyuma ya ukuta wake. Nilifungua skrubu nane. Ndani, chini kabisa, palikuwa na bamba la chuma, nene, limekatwa kwa gesi bila kusafishwa kingo, limefungwa kwa boliti mbili. Halikuungwa na waya wowote. Halikuwa na kazi yoyote isipokuwa kuwa zito. Nilikaa kulitazama. Halafu nikachukua ncha ya waya, ule mwekundu, nikaukata kwa msumeno. Nje palikuwa na ngozi nyembamba ya shaba. Ndani palikuwa peupe kama sufuria. Alumini.

Mimi, binti wa mtu wa tanuru, nimepimiwa chuma chakavu kwenye mizani ya unga.

Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Mimi nilirudi jikoni, na niliikuta hasira yangu bado inamtafuta yeye. Nikaiambia mashine ya mzee imwulize huyo bwana amejuaje kilichomo ndani bila kukiona. Mtu anajuaje siri za wezi asipokula nao?

Nilisikia kuku wanaparua chini. Alipojibu, alisema polepole, na bado kwa mashine. Alisema mwaka alioanza kazi aliuziwa moja kama hiyo, akala nayo hasara, ndiyo maana anaijua sauti yake. Alisema yule bwana wa duka la karibu na soko hampi kitu. Yeye mwenyewe anawatuma watu kwa bwana huyo kwa sababu ndiye pekee anayekubali kurudishiwa mashine ikifa. Halafu akasema kuhusu ile inverta. Alikuwa ameiazima kwa huyo bwana, amekaa nayo karakanani mwezi mzima, na mara kadhaa alibaki kazini mpaka jioni, saa ambazo umeme unakuwa mdogo kama wa kwetu, aijaribu na vyuma vyembamba, vile ninavyovitumia mimi. Simu alizokuwa akitoka nje kuzipokea zilikuwa za hiyo kazi. Alitaka nikifika kwa huyo bwana niambiwe imeshalipiwa, anishtukize kwa ajili ya siku ya kumkumbuka mzee.

Siku mbili za kuchelewa. Karatasi mfukoni. Nilizihesabu zote hapo nyuma ya mlango, moja moja.

"Posti," akasema tena, na sasa sauti ilikuwa imebadilika. "Miye sikukuya juu ya ile mashine. Umwambie mama, bibi yangu, mutoto yake, hakuenda kufata mahindi. Ametoka mu nyumba. Anasema miye niko mwizi wa mama yake. Nilimukuta anatafuta mu mifuko yangu, na alipigia bwana wa duka simu kumuuliza ninakula ngapi. Nilikasirika, nikasema mubaya. Nimepigia Kasomeno, anakata simu. Atamusikia mama yake tu."

Sikumbuki kuvuka mlango. Nakumbuka nilikuwa nje, upande wake wa ukuta, nimesimama mbele ya mkwe wangu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu siku ya harusi. Aliinuka haraka, akageuza uso akaangalia ukuta, mikono akaishusha. Kwa hiyo nilimwona ubavuni tu. Alikuwa mwembamba kuliko sauti yake. Shingoni alikuwa na vidoa vya cheche, vile vile alivyokuwa navyo mume wangu, na alikuwa kijana, kijana sana, hajafika umri ambao mimi nilikuwa nimemvisha.

"Mutoto yangu," nikamwambia, yeye, si mashine, "ile maneno ya komision ilitoka kwangu. Sikuona kitu. Nilimudanganya."

Hakugeuka. Alifunika macho kwa mkono mmoja, sijui kwa heshima au kwa machozi, na akasema asante, neno ambalo sikulistahili na ambalo liliniumiza kuliko angenitukana.

Nilipiga simu Kasomeno hapo hapo, nimesimama katikati ya uwanja mahali mtandao unaposhika. Binti yangu alipokea. Nilimweleza yote bila kujipendelea: bamba la chuma, waya mweupe, inverta ya karakanani, simu za nje. Nilimwambia kwamba aliponiuliza kama najua, nilisema najua na sikuwa najua. Nilisema nimekosa. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nadhani, nilimwomba mtoto wangu msamaha. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Hakulia.

"Mama," akasema, "ulinifundisha kumuchunga. Sasa nani atanifundisha kuacha?"

Nikamwambia arudi tu, hayo mengine yatapita.

Alirudi baada ya wiki mbili. Shangazi yake alikuja naye. Aliposikia kwamba nilimkabili mkwe uso kwa uso, alitaka kuku wawili ili neno hilo lisafishwe, mmoja kutoka kwa kila upande, na tangu siku hiyo tukaruhusiwa kusema bila ukuta, ila bado kwa kuinamisha macho. Watu walikula, walicheka. Mashine ya kijani niliirudisha dukani na kukuta mlango umefungwa na majirani hawajui mwenyewe alikohamia. Ile inverta ndiyo ninayoitumia. Nikigusisha bageti inalia vizuri, taratibu, hata umeme ukiwa mdogo, na vigoda vyangu havijawahi kuwa imara kama sasa. Hilo nalisema kwa uaminifu kwa anayetafuta mashine ya kuchomelea mara moja moja.

Siku walipokuja kuniletea hiyo inverta, mkwe wangu alinionyesha namna ya kuiweka, anaongea na mimi huku anatazama chini. Baadaye akaenda kwenye bomba kunawa mikono. Koti lake aliliacha juu ya kiti, simu ikiwa juu ya koti. Binti yangu alikuwa ameketi karibu, anamenya mihogo. Simu ikawaka. Aliendelea kumenya, lakini macho yake yalikwenda kwenye simu, yakarudi, yakaenda tena. Kisha akanitazama mimi, na mimi nikatazama kisu mkononi mwake, maana sikuweza kutazama kwingine.

Mumewe alikuwa amegeuka kutoka kwenye bomba, mikono inachuruzika maji. Alikuwa ameona. Hakukasirika. Alijifuta mikono kwenye suruali, akaja, akaichukua simu, akaifungua, akamkabidhi bila kuulizwa, kama tunavyotoa karatasi za gari dirishani tukifika kwenye kizuizi cha barabara.

Binti yangu alikiweka kisu chini, akaipokea, akasoma mpaka mwisho.